Maswali ya Wasomaji: Vipele vya Virusi Vinavyowapata Watoto

Katika barua zilizotufikia baada ya toleo lililopita, nyingi zinahusu vipele vidogo vya mviringo vinavyowatoka watoto, visivyouma na visivyosikia dawa za dukani. Nimeamua kuitoa safu yote ya toleo hili kwa jambo hilo, kwa sababu katika barua hizo nimewaona watoto wengi wanaoumizwa na matibabu kuliko wanavyoumizwa na ugonjwa wenyewe, na nimeiona pia barua moja ambayo mwenyewe hapaswi kusubiri hata wiki mbili. Majina ya wote walioandika yameachwa kwa makusudi.

SWALI: Daktari, pole na kazi. Binti yangu ana umri wa miaka minne. Kabla ya mwezi wa Ramadhani alitoka kipele kimoja ubavuni, na sasa vimezidi ishirini. Vingine viko kwapani na vingine vimeshuka hadi mapajani. Haviumi, ila humwasha usiku, na mtoto anakula na kucheza kama kawaida. Nimempaka dawa ya fangasi, kisha dawa ya upele, na mwishowe kwenye duka la dawa wakaniuzia tyubu ya mchanganyiko ambayo ilituliza muwasho kwa wiki moja, kisha vipele vikaongezeka. Mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu naye ameanza. Huu ni ugonjwa gani, na utaisha lini?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Mama, umeeleza vizuri kiasi kwamba mhudumu yeyote wa ngozi akiisoma barua yako atafikiria jambo moja kabla ya mengine, nalo ni ugonjwa wa virusi uitwao kitaalamu molaskamu kontajiosamu. Hata hivyo, jina la ugonjwa na lithibitishwe na mtu aliyekiona kipele kwa macho yake, jambo ambalo kwa kawaida halihitaji kipimo cha damu. Kipele cha molaskamu ni cha mviringo, kigumu kidogo, chenye uso laini unaong'aa, na upana wake huwa baina ya milimita 2 na 5; rangi yake ni ya ngozi yenyewe au nyeupe kiasi, na vingi huwa na kishimo katikati kama kitovu. Ndani yake mna ute mzito mweupe, na ute huo ndio uliojaa virusi. Umri wa binti yako nao unalingana, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 10, na sehemu ulizozitaja ni zile ambazo ngozi husuguana na jasho hukusanyika. Si ugonjwa mpya, wala haukuletwa na chakula au maji ya siku hizi: daktari wa Kiingereza, Thomas Bateman, aliueleza mwaka 1817, na mwaka 1905 ikathibitishwa kwamba kisababishi chake ni virusi.

Ningependa uelewe virusi hivi vinakaa wapi, maana ukilielewa hilo utajua kwa nini dawa zako zote tatu zilishindwa. Ni vya ukoo mmoja na virusi vya ndui, lakini tabia yao ni tofauti kabisa. Huishi kwa binadamu peke yake, na ndani ya mwili wa binadamu hukaa katika tabaka la juu la ngozi pasipo kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mtoto hapati homa na hapungui uzito. Ndiyo maana pia kinga ya mwili huchukua muda mrefu kuvitambua, kwani vimejificha mahali ambapo askari wake hawapiti mara kwa mara, na vina protini za kuzuia ishara ambazo seli iliyoambukizwa ingezitoa kuomba msaada. Dawa ya fangasi huua fangasi. Dawa ya upele huua wadudu wa upele. Hakuna kati ya hizo inayogusa virusi. Ama ile tyubu ya mchanganyiko, mara nyingi huwa na steroidi kali, kama vile betamethasoni au klobetasoli, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki. Steroidi hutuliza muwasho kwa kuidhoofisha kinga ya ngozi mahali ilipopakwa, na kinga hiyo ndiyo tunayoitegemea imwondolee mtoto vipele. Nakuomba usiendelee nayo. Kama umeipaka kwa miezi mfululizo na kwa sehemu kubwa ya mwili, mweleze daktari kwanza ili akuelekeze namna ya kuiacha.

Sasa nije kwenye swali la lini, na hapa naiomba subira yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia watoto 306 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba vipele vilidumu kwa wastani wa takriban miezi 13. Watoto 30 kati ya kila 100 walikuwa bado navyo baada ya miezi 18, na 13 kati ya kila 100 baada ya miaka miwili. Kipele kimoja kimoja hakikai muda wote huo. Hukaa miezi michache kikaondoka, lakini kabla hakijaondoka mtoto amekwisha kujikuna na kuyapeleka maambukizo mahali pengine pa mwili. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto walioishi na watoto wenzao, takriban wanne kati ya kila kumi waliripotiwa kumwambukiza mwingine nyumbani, kwa hiyo yaliyompata mdogo wake ni ya kawaida na usijilaumu. Wala usihangaike kumtafuta jirani aliyeuleta ugonjwa, kwa sababu tangu virusi viingie hadi kipele kionekane huweza kupita wiki mbili, na wakati mwingine hata miezi sita.

Kipo kipindi kimoja ambacho huwatisha wazazi kuliko vingine vyote, nami nataka kukiandalia moyo wako mapema. Baada ya miezi kadhaa ya utulivu, vipele kadhaa huvimba kwa pamoja, vikawa vyekundu, au kwenye ngozi yetu nyeusi vikawa na rangi ya zambarau au nyeusi zaidi, vikauma kidogo vikishikwa, na kimoja au viwili vikatoa kitu kinachofanana na usaha. Mzazi akiona hivyo hukimbilia antibayotiki. Mara nyingi sana huo si ugonjwa mpya: ni kinga ya mwili iliyoviona virusi hatimaye na kuanza kupambana navyo, na baada ya wiki chache vipele hunywea. Mtazame mtoto kuliko unavyotazama kipele. Akiwa hana homa na anacheza, mwachie mwili wake umalize kazi. Akipata homa, au wekundu ukitambaa mbali na kipele na ngozi ikawa ya moto na yenye maumivu makali, hapo bakteria wameingia na ni lazima aonwe siku hiyohiyo.

Kwa sasa, kata kucha za watoto wote wawili ziwe fupi. Kila mmoja awe na taulo lake au kanga yake ya kujifutia, na lile dodoki la familia litoke bafuni, kwa kuwa kifaa kinachosugua vipele vya mmoja kisha kikasugua ngozi nyororo ya mwingine hufanya kazi ya kupanda mbegu. Waoge mmoja baada ya mwingine badala ya kukaa pamoja kwenye beseni moja, kwa sabuni isiyo kali na mkono mtupu. Wakitoka kuoga, wapake mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: ngozi kavu huwasha, ngozi inayowasha hukunwa, na kukuna ndiko kunakovisambaza vipele. Kama binti yako ana pumu ya ngozi, yaani ukavu na muwasho wa ngozi unaojirudia, mpeleke itibiwe ipasavyo, hata kwa steroidi nyepesi atakayoandikiwa na daktari kwa ajili ya maeneo yenye ukurutu, kwa sababu mtoto mwenye pumu ya ngozi hupata vipele vingi zaidi. Vipele vikiisha vitaacha madoa meusi au meupe yatakayofifia kwa miezi, na pengine kovu dogo hapa na pale. Usiyapake madoa hayo krimu ya kung'arisha ngozi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto watatu darasani kwangu wana vipele hivi na wazazi wa wengine wamenijia wakitaka niwarudishe nyumbani mpaka wapone. Mkuu wa shule ameniachia uamuzi. Nifanye nini?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, usiwarudishe. Ugonjwa unaoweza kukaa zaidi ya mwaka hauwezi kutibiwa kwa kumnyima mtoto shule, kwani atapoteza mwaka mzima wa kujifunza kwa sababu ya kipele kisichomdhuru yeye wala kuhatarisha uhai wa mwenzake. Virusi hivi haviruki hewani kwa kukohoa. Huhitaji ngozi igusane na kipele, au kitu kilichogusa kipele kikaguse ngozi nyingine papo hapo. Waombe wazazi wawavalishe watoto hao nguo inayofunika sehemu zenye vipele. Kipele kilicho wazi mkononi au mguuni kinaweza kufunikwa kwa plasta, ingawa kwa joto la kwenu plasta hubanduka mapema na nguo nyepesi ya mikono mirefu hufaa zaidi. Taulo la kufutia mikono lisiwe moja la darasa zima. Siku ya michezo ya maji, vipele vifunikwe na kila mtoto afike na taulo lake.

Kilichonigusa zaidi katika barua yako ni pale ulipoandika kwamba watoto wengine wamekataa kukaa karibu nao kwenye mkeka. Hilo, Mwalimu, ndilo dhara kubwa kuliko yote darasani mwako, na wewe ndiye mwenye uwezo wa kulikomesha. Waite wazazi wote kwa pamoja, si wale watatu peke yao, uwaeleze haya niliyoyaandika, na ikiwezekana umwombe mhudumu wa zahanati ya karibu aje nawe.

SWALI: Mwanangu daktari, mimi ni bibi mwenye wajukuu sita. Sisi zamani vipele hivi tulivikamua kwa mwiba wa mlimau, tukapaka utomvu wa mbono, na mtoto akapewa dawa ya kusafisha damu. Siku hizi binti yangu ananikataza, ananiambia nitamuumiza mtoto. Nani ana haki?
Bibi, Mombasa

JIBU: Shikamoo, bibi. Naomba nikujibu kwa heshima zote unazostahili, maana ulichokifanya kilitoka kwenye mapenzi, na tena kina chembe ya ukweli ndani yake: ule ute mweupe ukitoka wote, kipele huondoka. Hata hospitali ipo njia ya kukikwangua kipele kwa kijiko maalumu chenye makali, baada ya ngozi kutiwa ganzi kwa krimu. Tofauti iko kwenye mwiba na kwenye vidole. Mwiba si safi, huingia ndani kuliko panapohitajika na kuacha kovu, na ute unaotoka hupakaa kwenye ngozi ya pembeni na kwenye vidole vya mkamuaji, kisha baada ya miezi miwili mahali palipokuwa na kipele kimoja panakuwa na saba. Mama wa mtoto huyo ana haki katika hili, bibi yangu, nami nakuomba umuunge mkono.

Kuhusu damu, nimekwisha kueleza juu kwamba virusi hivi haviingii humo. Damu ya mjukuu wako haina uchafu wowote unaohusiana na vipele hivi, kwa hiyo dawa ya kuisafisha haina cha kusafisha, ilhali figo na ini lake dogo zitalazimika kuihimili. Utomvu wa mimea huunguza. Barua nyingine zimetaja dawa ya meno, mafuta ya taa, kitunguu saumu kilichopondwa na hata maji ya betri. Hayo ya betri nayakemea kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa ni asidi inayochoma ngozi mpaka ndani, na yakimrukia mtoto jichoni yanaweza kumpofusha. Mafuta ya nazi yasiyo na mchanganyiko, ambayo najua hayakosekani nyumbani kwako, unaweza kumpaka kulainisha ngozi bila hofu.

SWALI: Daktari, huku kwetu mpakani tangu 2024 tunasikia habari za homa ya nyani kutoka Burundi na Kongo. Mwanangu wa miaka sita ana vipele vyenye shimo katikati, na picha za homa ya nyani nilizoonyeshwa nazo zina shimo. Nimemficha ndani kwa wiki mbili sasa. Naogopa kumpeleka zahanati wasije wakatutenga.
Baba wa watoto watatu, Kigoma

JIBU: Baba, hofu yako ina msingi, na kufanana ulikokuona ni kwa kweli. Virusi vya homa ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, na virusi vya molaskamu ni vya ukoo mmoja, na vipele vya vyote viwili vinaweza kuwa na kishimo katikati. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, na mwezi Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza, kwa hiyo mzazi wa Kigoma anayejiuliza swali hili anafanya wajibu wake.

Tofauti kubwa iko kwenye mwendo wa ugonjwa. Mpox hufika na ugonjwa wa mwili mzima: homa, kichwa kuuma, misuli kuchoka, na tezi za shingoni, kwapani au kwenye kinena kuvimba. Vipele vyake huuma. Hubadilika kwa siku chache kutoka bapa kuwa vya kuinuka, vikajaa maji, kisha usaha, kisha gamba, na mara nyingi huonekana pia kwenye viganja, nyayo na mdomoni. Ndani ya wiki mbili hadi nne huwa imekwisha. Molaskamu haina homa wala tezi, ni nadra sana kutokea kwenye viganja na nyayo, na kipele ulichokiona mwezi uliopita utakikuta mwezi huu kikiwa vilevile. Umeandika kwamba vya mwanao vilianza kabla ya mavuno na kwamba hajapata homa hata siku moja. Hilo linaelekea sana kwenye molaskamu.

Hata hivyo sitaki uamue kwa kusoma gazeti. Piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozwi malipo, ueleze dalili za mtoto na uelekezwe pa kwenda. Kumficha hakumsaidii katika hali yoyote ile: akiwa na molaskamu unamfungia bure, na akiwa na mpox unamnyima huduma anayoihitaji na kuwaweka ndugu zake hatarini.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi saba na mwanangu mkubwa ana molaskamu iliyothibitishwa na daktari. Je, mtoto aliye tumboni atadhurika?
Mama mtarajiwa, Zanzibar

JIBU: Hapana, dada. Virusi hubaki kwenye ngozi na havimfikii mtoto tumboni. Nawa mikono baada ya kumwogesha mkubwa, na mchanga akizaliwa awe na taulo zake mwenyewe. Ukipata kipele kwenye titi, kifunike wakati wa kunyonyesha na umwonyeshe mkunga.

SWALI: Daktari, tunaishi Marekani, na daktari wa watoto ametupa uchaguzi wa kusubiri au kumpaka mwanetu wa miaka saba dawa inayotokana na mdudu. Nyumbani Bukavu sijawahi kusikia kitu kama hicho. Ni salama? Na je, ndugu zetu huko Afrika wanaweza kuipata?
Mama, Dallas, Texas

JIBU: Mama, dawa hiyo ni kantharidini, kemikali ambayo asili yake ni aina ya mbawakavu na ambayo hulifanya tabaka la juu la ngozi lifanye lengelenge, kisha lengelenge likabanduka pamoja na kipele. Madaktari wameitumia kwa miongo mingi, lakini ni Julai 2023 tu ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza dawa mahususi ya molaskamu, nayo ni kantharidini ya nguvu ya asilimia 0.7 kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 2. Mwezi Januari 2024 ikafuata jeli ya berdazima, ambayo mzazi anaweza kuipaka nyumbani kwa mtoto wa kuanzia mwaka 1. Kantharidini hupakwa na mhudumu peke yake, kipele kwa kipele, na huoshwa baada ya saa zilizopangwa. Haipakwi karibu na macho wala mdomoni. Ikitumiwa hivyo, ni salama. Tarajia malengelenge, maumivu kiasi, na madoa yatakayochukua muda kufifia kwenye ngozi ya mwanao.

Je, uchague ipi? Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane mwaka 2017, kabla ya dawa hizo mbili kuidhinishwa, hayakupata tiba hata moja iliyothibitika waziwazi kuwa bora, na krimu ya imikwimodi, inayochochea kinga ya ngozi, haikuishinda krimu isiyo na dawa. Kwa maoni yangu, mtoto asiyesumbuliwa na vipele vyake aachwe apone mwenyewe. Mtoto anayejikuna mpaka hawezi kulala, anayechekwa, au ambaye vipele vinamwongezea pumu ya ngozi, ana haki ya kutibiwa. Muulize mwanao naye. Wa miaka saba anayo maoni juu ya mwili wake.

Ndugu zetu huku wasihuzunike kwa kutozipata dawa hizo madukani. Kukwangua kwa ganzi na kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa zenye kliniki za ngozi, na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Naomba tu wajue kuwa kugandisha huuma, na kwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha alama nyeupe za kudumu, hivyo usoni kufanywe kwa tahadhari kubwa.

SWALI: Mtoto wangu wa kike wa miaka mitano ametoka vipele hivi kwenye mapaja na sasa vimefika sehemu za siri. Jirani amesema hakuna njia nyingine ya kuvipata huko isipokuwa mtoto kuchezewa. Sijalala tangu siku hiyo.
Baba, Dodoma

JIBU: Pole sana, baba. Jirani amekosea aliposema hakuna njia nyingine. Kwa mtoto, njia ya kawaida ni mikono yake mwenyewe: amekuna paja, kisha akagusa sehemu ya siri, na taulo la kufutia limekamilisha kazi. Vipele vya molaskamu sehemu hizo, vikiwa peke yake na hasa mtoto akiwa navyo kwingine mwilini, si ushahidi kwamba amefanyiwa ukatili. Usimshutumu mtu kwa sababu yavyo.

Wakati huohuo usilifunge jambo hili kwa aibu. Mpeleke kwa daktari amchunguze taratibu ukiwepo wewe au mama yake, na mzungumze naye kwa upole bila kumtia maneno mdomoni. Kama ana maumivu, uchafu unaotoka ukeni, michubuko, hofu ya ghafla kwa mtu fulani, au kama amesema jambo lolote, mwaminini, na muende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi au mpige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

SWALI: Daktari, namlea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka minane. Vipele vyake si vidogo kama vinavyosimuliwa na watu. Vimejaa usoni na shingoni, havihesabiki, vingine vina ukubwa wa punje ya hindi, na viwili vipo kwenye ukingo wa kope. Jicho hilo ni jekundu kwa mwezi sasa. Amekonda, na hukohoa mara kwa mara. Nilimpeleka kwenye kituo kimoja nikaambiwa ni vipele vya kawaida, vitaisha. Sijui niendelee kusubiri?
Shangazi, Mbeya

JIBU: Shangazi, usisubiri. Yote niliyowaambia wengine kuhusu subira hayamhusu mtoto wako, nami naomba umpeleke hospitali ya mkoa au ya rufaa wiki hii.

Nitakueleza kwa nini. Mtoto mwenye kinga imara huwa na vipele vidogo, kwa kawaida chini ya thelathini, na mwili wake huonekana mzima. Vipele vinapokuwa vingi mno, vikajaa usoni, vikakua kupita kiasi, na mtoto akawa anakonda na kukohoa, vinatuambia kwamba kinga yake inashindwa kuvizuia. Sababu ziko kadhaa, na moja tunayopaswa kuitafuta kwanza ni maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU). Shirika la Afya Duniani limeweka molaskamu iliyoenea sana katika daraja la pili la dalili za ugonjwa huo kwa watoto. Sisemi kwamba anao. Nasema apimwe, kwa kuwa jibu la kipimo ndilo litakaloamua yanayofuata, na kwa kikohozi na kukonda apimwe kifua kikuu pia. Mzazi mwingine anayesoma hapa, ambaye mwanawe mwenye afya ana vipele vichache ubavuni, asiichukue aya hii kuwa yake.

Ikiwa kipimo kitaonyesha ana VVU, ataandikishwa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, na kuanzishiwa dawa, ambazo katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Dawa hizo ndizo tiba ya vipele vyake. Kinga ikinyanyuka, vipele hupungua vyenyewe, mara nyingi kwa miezi, na kuvikwangua kabla ya hapo ni kumtesa mtoto kwa kazi isiyokwisha. Katika wiki za mwanzo za dawa huenda vikavimba na kuonekana vimezidi. Ni kinga inayoamka, na dawa zisiachwe kwa sababu hiyo, bali mrudi kliniki mkaeleze.

Yapo mawili yasiyongoja hata miadi. La kwanza ni homa, kichwa kinachouma sana, kutapika au shingo kukakamaa. Upo ugonjwa wa fangasi uitwao kriptokokasi ambao kwa mtu mwenye kinga dhaifu hutoa vipele vyenye kishimo vinavyofanana mno na molaskamu, huku ukishambulia ubongo. Dalili hizo zikitokea, hata usiku, mkimbize hospitali na utamke kwamba ana vipele vya namna hiyo. La pili ni jicho. Ute wa kipele kilicho kwenye ukingo wa kope hudondokea jichoni na kulifanya liwe jekundu kwa muda wote ambao kipele kipo, hivyo matone ya antibayotiki hayatalimaliza tatizo. Omba rufaa ya kliniki ya macho, wakitoe kipele hicho wao wenyewe kwa vifaa vyao. Wewe usikiguse.

Ukifika hospitali, ukiambiwa tena kwamba ni vipele vya kawaida, mweleze mhudumu mambo haya kwa mfuatano: vimeenea usoni, vimekua, mtoto amekonda, anakohoa, na jicho ni jekundu kwa mwezi. Kisha useme kwamba unaomba apimwe VVU na kifua kikuu leo. Ukiwa na kadi yake ya kliniki ya utotoni na unajua chochote kuhusu ugonjwa wa wazazi wake, nenda nacho. Na utuandikie, shangazi, utujulishe alivyoendelea.